Jeraha la pili: kigasha kilichotoa ngozi ya kujenga ulimi

Siku ya 6 baada ya upasuaji nilifungua bandeji ya mkono wa kushoto wa mama mmoja wa miaka 52, fundi wa kushona nguo. Kinywani mambo yalikuwa shwari. Ngozi tuliyoihamisha kutoka kigashani kwake kujenga nusu ya ulimi ilikuwa na rangi nzuri. Ukiibonyeza inapauka, ukiiachia inarudi, ukiichoma kwa sindano inatoa tone jekundu. Wodi nzima ilikuwa imeufurahia ulimi ule kwa siku 5. Mkononi, juu kidogo ya kifundo, palikuwa na mstari mweusi wa urefu wa sentimita 4 na upana wa sentimita 1, mkavu kama ganda. Kulia na kushoto kwake ngozi ya kupandikiza, tuliyoifunikia pengo la mkono, ilikuwa imeshika vizuri, ya waridi. Chini ya ule mstari, nilijua hata kabla ya kuugusa, kulikuwa na kano.

Kisa hiki nakiandika kwa urefu kwa sababu jeraha lile tulilitengeneza wenyewe. Saratani haikuwa mkononi. Mkono ulikuwa mzima, unafanya kazi yake ya kila siku, mpaka siku tulipouchuna ili kuziba pengo la mahali pengine. Upasuaji wa flapu, yaani wa kuhamisha tishu hai kuziba pengo la mahali pengine, ndivyo ulivyo: mgonjwa anaingia na tatizo moja na anatoka na majeraha mawili, la kwanza la ugonjwa na la pili la mahali tishu ilipotoka. Jeraha la kwanza linapangiwa mikutano, picha na vipimo. La pili mara nyingi huachiwa dakika 40 za mwisho, wakati kila mtu amechoka na daktari mdogo ndiye anayeshona. Katika kisa hiki aliyeinua flapu na kuufunga mkono ni mimi, kwa hiyo ninachokichambua ni kazi ya mikono yangu.

Namna tulivyouchagua mkono

Alikuja na kidonda upande wa kushoto wa ulimi kilichokuwa na miezi 4. Kipimo cha tishu kilionyesha saratani ya seli bapa. Kilikuwa na upana wa sentimita 3.5 na kimezama ndani ya msuli. Mpango ulikuwa kuondoa nusu ya ulimi unaochezeka, kusafisha matezi ya shingo upande huohuo, kisha kujenga ulimi kwa flapu huru, yaani kipande cha tishu kinachotolewa pamoja na ateri na vena zake, mishipa hiyo ikaja kuungwa na mishipa ya shingoni chini ya hadubini.

Kwa ulimi, ngozi ya kigasha ni ngumu kuipita. Ni nyembamba, inakunjika, haina manyoya mengi upande wa ndani, na ateri yake ni ndefu na pana kiasi cha kuungwa bila kuhangaika. Yang Guofan na wenzake waliiandika China mwaka 1981, na 1983 David Soutar na wenzake nchini Uingereza wakaonyesha inavyofaa kinywani. Tangu hapo imekuwa kimbilio la watu wengi wa fani hii, nami nikiwamo.

Paja tulilifikiria. Flapu ya upande wa mbele na nje wa paja, iliyoandikwa na Song na wenzake 1984, ina heri moja kubwa: jeraha lake la pili kwa kawaida linashonwa likafunga lenyewe kama upana hauzidi sentimita 8 hivi, bila kupandikiza ngozi. Lakini nilipobana ngozi ya paja la mama huyu kati ya vidole vyangu, unene ulipita sentimita 2.5. Ulimi uliojengwa kwa bonge la mafuta hausogei, na asiyeweza kusogeza ulimi hamezi vizuri wala haeleweki anaposema. Uamuzi wa kutumia kigasha bado nautetea.

Nisichoweza kuutetea ni jinsi tulivyochagua kigasha kipi na sehemu gani yake. Kwenye fomu yetu kulikuwa na mstari mmoja: "Mkono anaoutumia zaidi." Akajaza: kulia. Basi tukachukua kushoto, kama tunavyofanya siku zote. Hakuna aliyemuuliza ule wa kushoto anaufanyia nini.

Nilikuja kujua wiki kadhaa baadaye. Cherehani yake ni ya kuzungusha kwa mkono. Mkono wa kulia unazungusha gurudumu, basi. Kazi yote ya ufundi, kunyoosha kitambaa, kukigeuza kwenye kona, kuhisi kama tabaka la chini limejikunja, inafanywa na mkono wa kushoto peke yake, na gumba lake ndilo linalotangulia mbele ya sindano. Katika maisha ya mama huyu, mkono "usiotumika zaidi" ndio uliokuwa fundi.

Sisemi kwamba tungejua tungehamia kulia. Kulia nako kuna kazi yake, na kuzungusha gurudumu kutwa nzima kunataka kifundo chenye nguvu. Lakini tungejua, tungepandisha flapu juu zaidi kigashani. Hili linahitaji maelezo, maana ndipo kiini cha kisa kilipo.

Karibu na kifundo cha mkono, chini ya ngozi hakuna nyama; kuna kano. Ukipanda kuelekea kiwiko, kano zilezile zinageuka kuwa misuli minene yenye damu. Ngozi ya kupandikiza ikilazwa juu ya msuli inashika karibu bila kuombwa. Ikilazwa juu ya kano inategemea utando mmoja mwembamba mno, paratenoni, unaoifunika kano na kubeba vimishipa vyake. Tunashuka chini karibu na kifundo kwa sababu ngozi ya huko ni nyembamba zaidi na kwa sababu tunapata shina refu la mishipa. Kwa mgonjwa huyu shina hilo refu halikuhitajika. Saratani ilikuwa kushoto, mishipa ya kupokea ilikuwa shingoni kushoto, umbali mfupi. Kabla ya kuunga, tulikata sentimita 4 za ateri na vena iliyozidi tukazitupa. Sentimita hizo 4 zilizokwenda kwenye ndoo ndizo ambazo tungeweza kuipandisha flapu, ikakaa juu ya nyama badala ya kano. Unene ungeongezeka kidogo, si kama wa paja.

Siku hizi naanza kwa kupima shingo. Napima kwa uzi kutoka mahali ulimi utakapokaa hadi ateri itakayopokea, naongeza sentimita 2 za tahadhari, ndipo nachora flapu mkononi kuanzia hapo. Zamani nilichora kwanza karibu na kifundo, halafu nikakata kilichozidi.

Chumba cha upasuaji

Kipimo cha Allen tulikifanya, kile ambacho Edgar Allen alikieleza 1929 na wengine wakakirekebisha baadaye: unabana ateri mbili za kifundo, mgonjwa anakunja ngumi mpaka kiganja kinapauka, anafungua, unaachia ateri ya upande wa kidole kidogo na kuangalia kama wekundu unarudi kiganja kizima hadi kwenye gumba. Ulirudi ndani ya sekunde 5. Lazima uwe na uhakika, kwa sababu ateri ya upande wa gumba inaondoka na flapu na haitarudi. Tuliomba pia mkono ule usichomwe sindano ya dripu wala kutolewa damu tangu alipolazwa, na wauguzi walilizingatia hilo. Yapo mambo tuliyoyafanya sawasawa, na mkono wake haukuwahi kukosa damu hata dakika moja.

Flapu ilikuwa sentimita 7 kwa 5. Mkanda wa kubana damu uliwekwa kwenye mkono wa juu kwa shinikizo la milimita 250 za zebaki, kwa dakika 70. Niliinua flapu chini ya fasia, ule utando mgumu unaofunika misuli, kama nilivyofundishwa. Njia hiyo ni ya haraka, na mishipa midogo inayolisha ngozi inalindwa kwa sababu iko juu ya fasia. Tatizo ni kwamba ukiondoa fasia umeondoa blanketi la kano. Kano ya msuli unaokunja kifundo kuelekea upande wa gumba iko kandokando kabisa ya ateri tunayoifuata. Kisu kikiteleza milimita moja, au shashi kavu ikisuguliwa mara mbili, paratenoni imekwenda.

Katika ripoti ya upasuaji niliandika: "Paratenoni imehifadhiwa." Siku ya 6 nilirudi kwenye picha tuliyopiga mezani kabla ya kupandikiza. Kano yenye paratenoni hung'aa kwa unyevu na ukikuza picha unaona vinyuzi vyekundu vya damu juu yake. Kwenye picha ile, sehemu za juu zilikuwa hivyo. Chini, kwa urefu wa sentimita 3 hivi, kano ilikuwa nyeupe tupu kama uzi wa mkonge. Niliandika nilichokusudia kufanya, si nilichokifanya. Sidhani nilidanganya kwa makusudi. Baada ya saa nyingi za kazi ile macho huona kinachotarajiwa. Tangu hapo tumekubaliana kwamba ripoti haiandikwi mpaka picha ya jeraha la pili imetazamwa kwenye skrini, ikakuzwa.

Na kama kano imeonekana kuwa tupu palepale mezani, bado kuna la kufanya. Misuli inayokunja vidole iko jirani, kila upande. Unaivuta pamoja juu ya kano kwa nyuzi chache zinazoyeyuka, kano inazama, na ngozi ya kupandikiza inapata kitanda chenye damu. Ni kazi ya dakika 10. Kingo za jeraha nazo zinaweza kuvutwa kwa uzi unaozunguka kama wa mdomo wa mfuko, pengo likapungua kabla hujaliwekea chochote. Njia hizo mbili nilizijua. Sikuzitumia kwa sababu niliamini sentensi yangu kuhusu paratenoni kabla sijaiandika.

Ngozi ya kupandikiza ilichunwa pajani kwa unene wa milimita 0.35, ikatobolewa matundu machache ili damu isikusanyike chini, ikashonwa, ikawekewa shashi yenye mafuta, pamba, bandeji, na banzi la plasta lililoshika kifundo kikiwa kimeinuliwa nyuzi 20 kwenda nyuma.

Kati ya siku ya 3 na ya 6

Ngozi iliyopandikizwa haina mshipa wake. Kwa siku 2 za kwanza inaishi kwa kunyonya majimaji ya kitanda ilipolala. Kisha vimishipa vya chini vinaanza kukutana na vyake, na kati ya siku ya 5 na ya 7 damu inazunguka kwa utulivu. Katika muda huo adui mkubwa ni mwendo. Ngozi ikiteleza nusu milimita juu ya kitanda, vimishipa vilivyoanza kushikana vinakatika, na kazi inaanza upya kama bado kuna muda. Juu ya kano hatari inazidi, maana kano kazi yake ni kuteleza.

Usiku wa siku ya 3 vidole vilivimba. Daktari wa zamu aliitwa, akaona bandeji imebana, akaifungua na kulitoa banzi. Alifanya sawa kabisa. Mkono uliobanwa hauwezi kusubiri asubuhi. Bandeji ilirudishwa ikiwa legevu. Banzi likawekwa kwenye kabati la pembeni mwa kitanda na halikurudishwa. Kwenye faili paliandikwa maneno mawili: "Banzi limelegezwa." Kila aliyesoma baadaye alielewa kwamba bado lipo. Hao walikuwa watu watatu wa zamu tatu, na mimi ni mmoja wao: siku ya 4 na ya 5 nilipita, nikaangalia ulimi kwa tochi, nikaona mkono umefungwa kitambaa cheupe, nikaendelea.

Tungeweza kuishia hapo na kusema chanzo ni banzi. Lakini mgonjwa aliyelala kitandani, ambaye kifundo chake kinauma, kwa kawaida hakikunji ovyo. Nilitaka kujua mkono ule ulisogea kwa sababu gani. Jibu lilikuwa mezani kwake muda wote.

Kwa sababu ya uvimbe wa kinywa tulikuwa tumemwekea tundu la kupumulia shingoni, na hadi siku ya 8 hakuweza kutoa sauti. Alipewa daftari la shule la kurasa 48. Nilimwomba ruhusa nilitazame. Siku 2 za kwanza kulikuwa na mistari michache, mwandiko unaotetemeka: maji, baridi, "wanangu wamekuja?" Kuanzia siku ya 3 kurasa zinajaa. Alikuwa mtu wa maneno, na maneno yote yalilazimika kupita kwenye kalamu. Nilimwomba aandike chochote nione. Alikaa wima, akalishika daftari kwa mkono wa kushoto, mgongo wa daftari kati ya gumba na vidole, kifundo kikakunjwa kwa ndani ili ukurasa uje karibu na macho. Kila alipolikaza asiliachie, kano ilinyanyuka chini ya bandeji legevu. Niliiona ikicheza.

Kwenye ukurasa wa siku ya 4, katikati ya mambo mengine, kulikuwa na sentensi hii: "Mkono unavuta ndani nikishika daftari. Ni kawaida?" Nilimuuliza alijibiwa nini. Akaandika: "Kidonda kibichi."

Ndivyo jeraha la kwanza lilivyoliharibu la pili. Tulimwondolea sauti, tukampa kitu cha kushika kwa mkono uleule tuliotaka utulie. Hakuna hata mmoja wetu aliyeviona vitu hivyo viwili kwa pamoja, kwa sababu timu ya kinywa ilikuwa ikifikiria kinywa na mimi nilidhani mkono umeshamaliza kazi yake.

Nikipima uzito wa sababu, kano tupu naiweka mbele na mwendo nyuma yake. Ngozi iliyokufa ilifuata kano kwa unyoofu, kama iliyochorwa kwa rula. Damu iliyokusanyika ingeacha duara lililoinuka, na vijidudu vingeleta usaha, harufu na mabaka yasiyo na mpangilio. Hatukuona lolote kati ya hayo. Juu ya paratenoni nzima, na mwendo uleule, nadhani tungepoteza kipande kidogo kisichofika kwenye kano. Kwenye kano tupu iliyotulia, ngozi yenye upana mdogo huweza kuokolewa na damu inayotoka kandokando. Vyote viwili pamoja havikuacha nafasi.

Kulitunza jeraha

Siku ya 10 ganda lilitoka na sentimita 3 za kano zikabaki wazi. Kishawishi kikubwa wakati huo ni kukimbilia kisu tena. Kupandikiza upya juu ya kano tupu kungekuwa kurudia kosa. Flapu ndogo ya jirani ingefunika, lakini ingeacha jeraha jingine kwenye kigasha kilekile, na huyu mama tayari alikuwa na shingo, ulimi, kigasha na paja. Kifaa cha kuvuta majimaji kwa mgandamizo hasi kingefaa, nasi tulikipendekeza. Hakutaka kufungwa kwenye mashine nyingine wakati anajifunza kumeza, nami nilimwelewa.

Tukachagua subira. Kano iliyo hai isikatwe, isikauke. Jeli ya kuhifadhi unyevu, shashi, banzi jipya, kubadilisha kila baada ya siku 2. Vidole viliachwa huru na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alivifanyisha kazi tangu wiki ya kwanza, kwa sababu vidole vilivyokakamaa ni hasara kubwa kuliko kidonda kinachochelewa. Katika wiki ya 3 nyama nyekundu ilianza kutambaa kutoka kingo za pembeni, polepole, kama milimita moja au mbili kila tulipofungua. Wiki ya 9 jeraha lilifunga.

Wasiwasi wangu mkubwa katikati ya hayo ulikuwa tiba ya mionzi. Baada ya upasuaji wa saratani ya kinywa inatakiwa ianze ndani ya wiki 6, na kidonda kisichofunga kikiwa shingoni au kinywani huweza kuichelewesha. Chetu kilikuwa mbali na miale, kwa hiyo alianza katika wiki ya 6 mkono ukiwa na bandeji, akamaliza vipindi 30. Bahati hiyo haina uhusiano na ustadi wetu.

Kuna jambo moja kuhusu paja. Siku ya 2 muuguzi alimuuliza, kwa ajili ya dawa, wapi panauma zaidi. Tulitarajia shingo au ulimi. Kwenye daftari kuna neno moja tu, kwa herufi kubwa: PAJA. Sehemu inayochunwa ngozi nyembamba inaachwa na miisho ya neva wazi, na wagonjwa wengi hulalamikia hapo kuliko penye upasuaji mkubwa. Yaani kulitibu jeraha la pili kulizaa la tatu. Sasa, kwa pengo la ukubwa huu, natumia ngozi ya unene kamili kutoka kinenani au chini ya tumbo. Palipotolewa panashonwa mstari mmoja, maumivu ni madogo, na ngozi nene ikishika haisinyai sana kifundoni na inafanana zaidi na ngozi ya pembeni. Inataka kitanda bora kuliko nyembamba, kwa hiyo inadai kwamba hatua ya kano ifanywe kwa uangalifu. Mimi naiona hiyo kuwa faida.

Kitanda hicho nakipata kwa kuinua flapu juu ya fasia, nikiiacha fasia imelala juu ya misuli na kano, isipokuwa ukanda mwembamba pale mishipa inapopita. Inachukua muda zaidi na inataka miwani ya kukuza. Hatari ya kukata mishipa inayolisha flapu iko, hasa kwa mkono usiozoea, na kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kila mtu abadilishe kesho. Asiyeizoea afunike kano kwa misuli, inatosha.

Maeneo mengine ya mwili yana tabia zake na hayatibiki kwa somo la kigasha. Mgongoni, msuli mpana ukitolewa, tatizo ni majimaji yanayojaa pengo, na nyuzi za kushikiza ngozi kwenye kitanda chake husaidia kuliko mrija peke yake. Mguuni, mfupa mwembamba wa muundi unapochukuliwa kujenga taya, tunaacha sentimita 6 hadi 8 karibu na kifundo ili kiungo kisilegee. Tumboni kinachouliziwa ni nguvu ya ukuta wa misuli. Swali la fundi wa kushona lakini linafaa kote: sehemu hii kesho itafanya kazi gani?

Baada ya mwaka

Miezi 12 baadaye anasema na unamwelewa hata kwenye simu. Anakula karibu kila kitu. Kifundo kimepungua nyuzi 10 kwenda nyuma. Nguvu ya kushika ni kilo 19 kushoto na 24 kulia. Kovu limezama kidogo na limeshikana na kano katikati. Akikunja ngumi, ngozi inavutwa na kufanya kishimo. Mkono unamuuma kwenye baridi. Anavaa mikono mirefu, na alishona mwenyewe kikofi kipana chenye kifungo kimoja ili kisibane kovu.

Linalomsumbua ni ganzi. Neva ya juujuu inayohisi mgongo wa gumba hutokeza chini ya msuli sentimita 9 hivi kabla ya kufika kifundoni, na hugawanyika matawi palepale tunapofanya kazi. Tawi moja nililikata ili kuipata vena. Mgongo wa gumba, eneo la ukubwa wa sarafu mbili, halihisi kitu. Kwa mtu mwingine ingekuwa alama ndogo kwenye fomu. Kwake, gumba lile ndilo lililokuwa likimwambia sindano iko wapi. Mara mbili amejichoma bila kujua mpaka alipoona damu kwenye kitambaa cha mteja. Siku hizi anavaa kidoleni kipete cha ngozi alichokitengeneza, na anashona kwa macho badala ya mguso. Anasema inamchosha, na kwamba gauni lililokuwa la siku moja sasa ni la siku moja na nusu.

Wodini tulibadilisha mambo mawili yaliyo rahisi kuliko yote niliyoyataja. Banzi la kigasha linaandikwa kwa kalamu nene, juu yake lenyewe, tarehe ya kutolewa na maneno "likifunguliwa, lirudishwe". Na kila mgonjwa mwenye tundu la shingoni anapewa ubao mdogo unaosimama wenyewe juu ya meza ya kitanda, upande wa mkono usiochunwa, usiohitaji kushikwa. Seremala wa hospitali aliutengeneza wa kwanza kwa mabaki ya mbao.

Alipokuja mara ya mwisho nilimweleza kwamba kovu linaweza kurekebishwa: tukalitoa pale lilipogandana, tukaachanisha kano, tukaweka ngozi nene mahali pake. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa juu ya meza, kikofi kimefunguliwa.

"Daktari, na hiyo ngozi nyingine utaitoa wapi?"

Nilimwonyesha kinenani. Akatikisa kichwa, akafunga kifungo. Tuliandika kwenye faili kwamba hatafanyiwa upasuaji, aendelee kulikanda kovu kwa mafuta asubuhi na jioni, arudi baada ya miezi 6.